Kunde na bamia zavaa tai Charleston!

Na Mwandishi Wetu, aliyekuwa Charleston, Marekani

Mpenzi msomaji, hebu nikuulize swali la uchokozi kidogo. Umepata mchumba mpya, mshahara umetoka, Jumamosi jioni umeamua kumtoa mkale hotelini. Mmekaa, mhudumu kaja na kidaftari chake. Je, unaweza kumtazama yule binti usoni, ukaagiza wali, kunde na bamia?

Thubutu! Utaagiza kuku na chipsi, au piza ambayo hata kuikata hujui, ilimradi usionekane umetoka shamba. Kunde ni za nyumbani kwa mama, tarehe mbaya, tena mlango umefungwa.

Mimi nami nilikuwa hivyo hivyo. Halafu Aprili mwaka jana nikaenda kumtembelea dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anayeishi Charleston, kusini mwa Marekani. Huku kwetu tunasema watu wa majuu wanabeba maboksi. Dada habebi boksi, anabeba sahani: ni mhudumu wa hoteli ya chakula. Na huko ndiko nilikokuta watu waliovaa tai na viatu vya kung'aa wamepanga foleni barabarani kwa ajili ya kunde. Bamia nazo zimo. Nikabaki mdomo wazi.

SALENDA YA MAREKANI

Kwanza nikupe picha ya mji wenyewe. Charleston iko katika jimbo la South Carolina, kando ya bahari ya Atlantiki. Waingereza waliuanzisha mwaka 1670 wakauita Charles Town, kwa heshima ya mfalme wao. Jina la sasa lilikuja mwaka 1783, baada ya Wamarekani kupata uhuru. Mji wa kale umekaa kwenye rasi iliyobanwa na mito miwili, Ashley na Cooper, inayokutana na bahari mbele yake.

Nyumba za kule zimepakwa rangi kama peremende. Upande wa barabara ya East Bay kuna safu ya nyumba 13 za waridi, njano na buluu ambazo kila mtalii lazima apige nazo picha. Farasi na nyumbu wanavuta magari ya watalii. Jasho linakutoka kama uko Kariakoo saa nane mchana, na maji yakitoka, tope linatoa harufu nzito ya chumvi na majani yaliyooza. Mtu wa Dar akifumba macho ataapa amekwama kwenye foleni pale Salenda.

Watu wanatoka New York na Chicago, wanapanda ndege kuja Charleston, shida yao moja tu: kula. Hawaji kwa ajili ya baga, zimejaa kwao. Wanafuata chakula cha ukanda huo wa pwani ya chini, wenyewe wanauita Lowcountry.

MENYU YA MAMA NTILIE

Dada alikuwa ameweka nafasi hotelini wiki tatu kabla sijafika. Nikamcheka, kula nako kunatafutiwa miadi kama kwa daktari bingwa? Akaniambia, "Mdogo wangu, huu mji bila kuweka nafasi utakula upepo." Jina la hoteli nalihifadhi. Jua tu ni ile ya kitambaa cheupe, mshumaa katikati ya meza, na muziki wa chini chini unaokufanya uongee kwa kunong'ona kama uko msibani.

Nilishajitapa tangu uwanja wa ndege kwamba bili ni yangu. Mfukoni nilikuwa na dola 120 nilizozitenga kwa shughuli hiyo tu. Si mchezo.

Nikafungua menyu nikitegemea kukutana na vitu vya ajabu. Mpenzi msomaji, nilichokutana nacho ni hiki: wali mwekundu, kunde kwa wali, supu ya bamia, karanga za kuchemsha, majani yale ya ukoo wa sukuma wiki, kamba juu ya uji mzito wa mahindi, na biskuti za ufuta. Nikamwambia Dada, "Hawa jamaa wameichukua menyu ya mama ntilie wakaipaka lipstiki!" Akanikanyaga mguu chini ya meza.

Tukaanza na supu ya kaa jike, ambayo ndiyo fahari ya mji. Anatafutwa kaa jike mwenye mayai. Nyama yake inapikwa na krimu nzito, kisha yale mayai ya rangi ya machungwa yanaipa supu ladha na sura. Inasimuliwa kwamba aliyebuni kuyatia mayai hayo ni mpishi Mweusi, William Deas, aliyekuwa akimtumikia meya wa mji, R. Goodwyn Rhett, siku Rais Taft wa Marekani alipokaribishwa chakula. Kwa ndugu zangu Waislamu: ulizeni kwanza, maana mara nyingi supu hiyo hutiwa mvinyo wa sheri.

Mimi nikaagiza kamba kwa griti. Griti ni mahindi yaliyosagwa chengachenga, yakapikwa polepole mpaka yawe katikati ya uji na ugali. Kwa ufupi ni ugali uliokosa msimamo. Juu yake wanamwagiwa kamba waliokaangwa na mchuzi wao, unakula kwa kijiko. Ni tamu, usipime!

Zamani hicho kilikuwa kifungua kinywa cha wavuvi na watu wa pwani tu. Kimo katika kitabu cha mapishi cha akina mama wa mji huo, Charleston Receipts, kilichotoka mwaka 1950. Mwaka 1985 mwandishi maarufu wa mapishi wa gazeti la New York Times, Craig Claiborne, akaandika habari za kamba kwa griti za hoteli moja ya jimbo jirani la North Carolina, na tangu hapo chakula cha mvuvi kikaanza kuvaa suti. Leo hoteli ya Charleston isiyokuwa nacho ni kama baa ya Dar isiyokuwa na mishikaki.

Dada akaagiza samaki kwa wali, pamoja na sahani ya yale majani. Nikayaonja, nikasikia utamu fulani wa moshi. Nikauliza, hii mboga imeungwa na nini? Dada akacheka mpaka machozi. "Kitimoto, mdogo wangu! Huku hata mboga ya majani ina kitimoto." Na kweli, upishi wa zamani wa kusini unaunga majani, maharage na kunde kwa kipande cha nguruwe aliyekaushwa kwa moshi. Kama hutumii, uliza kabla, usione haya. Wapishi wengi siku hizi hutumia bata mzinga wa moshi badala yake.

BILI YAJA, JASHO LANITOKA

Basi bwana, tumeshiba, tunapunga upepo, bili ikaja kwenye kijalada cheusi. Supu mbili dola 24. Kamba kwa griti dola 29. Samaki wa Dada dola 36. Majani dola 10. Chai mbili za barafu dola 8. Jumla dola 107. Nikavuta pumzi, nikajua nimeponea. Kumbe bado. Kule bei ya kwenye menyu haina kodi ndani. Kodi inaongezwa mwishoni, na yetu ilikuwa asilimia 11. Ikawa dola 118 na senti 77.

Nikatoa dola zangu 120, nikaziweka kwenye kijalada kwa madaha, nikamwambia mhudumu, "Chenji baki nayo, dada." Yule binti akatabasamu, lakini lile tabasamu lilikuwa limeganda. Akaondoka bila neno.

Dada akaniinamia, macho yamemtoka. "Umejua ulichofanya? Umemtukana mtoto wa watu."

"Nimemtukana vipi? Si nimemwachia chenji?"

"Dola moja na senti 23 ndiyo chenji? Unajua analipwa shilingi ngapi yule?"

Hapo ndipo nilipopewa somo ambalo sitalisahau. Sheria ya Marekani inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, na kiwango hicho hakijabadilika tangu mwaka 1991. Yapo majimbo yaliyoamua kulipa zaidi, lakini South Carolina haimo. Bakshishi ndiyo inayotakiwa kumfikisha mtu kwenye kima cha chini cha kawaida cha dola 7.25 kwa saa, na isipofika, mwajiri anatakiwa ajazie. Kwa hiyo mteja ndiye mlipa mshahara. Desturi ni asilimia 18 mpaka 20 ya bili.

"Ndiyo mshahara wangu huo," Dada akasema. Akafungua mkoba wake, akatoa noti ya dola 20, akamfuata yule binti mpaka mlangoni mwa jiko akampa mkononi. Aliporudi hakunisema tena. Mimi nilikuwa nimeinamia kile kitambaa cheupe, nimeloa jasho, mwanaume niliyekuja kujionyesha.

MPUNGA ULIOJENGA MAGHOROFA

Kesho yake nikaamua nijue, hizi kunde na bamia zilifikaje huku. Nikaenda kwenye Makumbusho ya Kimataifa ya Wamarekani Weusi yaliyofunguliwa Juni 2023. Jumba lenyewe limeinuliwa juu kwa nguzo, halikai juu ya ardhi. Sababu ni kwamba hapo palikuwa gati la Gadsden, walipokuwa wakiteremshwa watumwa kutoka Afrika. Inakadiriwa kwamba karibu asilimia 40 ya Waafrika waliopelekwa utumwani katika nchi ambayo leo ni Marekani waliingilia Charleston na visiwa vyake.

Na kilichowaleta wengi wao ni mpunga. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1600 walowezi walikuta kwamba tope lile la pwani linakubali mpunga, lakini wenyewe hawakuwa wakulima wa mpunga. Wafanyabiashara wakawa wanatangaza kabisa kwamba wana watu kutoka Pwani ya Mpunga, yaani Sierra Leone na nchi za jirani, maana watu wa huko walikuwa wakilima mpunga tangu enzi. Hao ndio walioingizwa kwenye vinamasi kukata miti na kujenga matuta. Maji ya bahari yakijaa, yanausukuma mto nyuma, maji baridi yanapanda, milango ya mbao inafunguliwa na shamba linajaa. Maji yakipwa, shamba linakaushwa. Malaria na kazi ngumu viliua watu wazima na watoto.

Baada ya kuvuna, wanawake walitwanga kwa kinu na mchi, wakapepeta kwa ungo. Ndiyo, ungo! Kwenye soko la mji bado utawakuta akina mama wa Kigullah wakishona vikapu vya majani kwa mkono, ufundi ambao asili yake ni zile ungo za kupepetea mpunga. Mwaka 2006 jimbo liliutangaza kuwa kazi yake rasmi ya mikono. Ulizia bei, usiishangae: kikapu kimoja kinaweza kuchukua siku nyingi kukamilika.

Wagullah ni vizazi vya watumwa hao. Wana lugha yao ya Kiingereza kilichochanganyika na maneno ya Afrika. Mwaka 1949 msomi Mweusi, Lorenzo Dow Turner, alitoa kitabu kilichoonyesha maelfu ya maneno na majina yao yenye asili ya Afrika. Karanga kusini wanaziita guba, kutoka Kikongo na Kimbundu. Gumbo, lile jina la mchuzi mzito, ni bamia kwa lugha za Angola. Ufuta wanauita bene, neno la Afrika Magharibi.

Ule mpunga, aina yake iliyokuwa maarufu ikaitwa Carolina Gold kwa sababu ya rangi ya dhahabu ya maganda yake shamba likiiva, uliufanya mji huu kuwa mmoja wa miji tajiri kuliko yote katika makoloni yale. Zile nyumba za rangi ya peremende unazopiga nazo picha, nyingi zina mpunga ndani yake. Utumwa ulipokwisha na vimbunga vikapiga, kilimo hicho kikafa mapema karne ya 20. Mbegu ikafufuliwa miaka ya 1980, na sasa Carolina Gold unauzwa kwa bei ya kukuruka hotelini.

KWA MAMA, NJE YA MJI

Siku ya tatu Dada akasema, "Jana ulikula chakula cha wageni. Leo nakupeleka ninapokula mimi." Tukapanda basi kwenda kaskazini, tukiacha maduka ya marashi nyuma, mpaka kwenye nyumba moja ya matofali kando ya barabara. Hakuna mshumaa. Unapanga foleni, unaonyesha kwa kidole, unapakuliwa kwenye boksi jeupe. Samaki wa kukaanga, wali mwekundu, supu ya bamia na mkate wa mahindi: dola 13. Kwenye foleni kulikuwa na mafundi wenye makopo ya rangi, manesi, na mzee mmoja wa Kizungu aliyevaa suti.

Wali mwekundu ni wali uliopikwa na nyanya mpaka kila punje imelewa. Wajuzi wanasema ni mjukuu wa wali wa Senegali na jollof. Mimi nilimaliza, nikawa nimeona sufuria nyuma, na nikaona kitu chini yake. Nikashindwa kuvumilia. Neno la Kiingereza sikuwa nalo, nikaonyesha kwa mkono kama mtu anayekwangua: "Mama, kile cha chini, kilichoshika, kipo?"

Mama mpishi, mtu mzima mwenye kilemba na miwani, akatoka jikoni kuja kuniangalia. "Nani kakufundisha kula hicho?"

"Mama yangu."

Akacheka, akaniletea ukoko kwenye kisahani. Akavuta kiti akakaa. "Umetoka wapi, mwanangu?"

"Afrika, Mama. Tanzania."

"Ni upande ule waliotoka watu wangu?"

Nikataka kumwambia ndiyo, sote ni ndugu, maana macho yake yalikuwa yanataka hilo. Lakini nilikuwa nimetoka makumbusho jana yake. Nikasema, "Hapana, Mama. Wengi wa watu wako walitoka magharibi. Sisi ni mashariki, bahari nyingine."

Akanyamaza kidogo. "Lakini ukoko unaujua."

"Ukoko naujua."

"Basi inatosha," akasema.

Nikamsimulia habari za hoteli ya kitambaa cheupe, nikamuuliza kama naye amewahi kula zile hoteli za mjini. Akasema, "Nimefanya kazi kwenye majiko ya huko mjini miaka 20. Nimekula sana huko, nimesimama, jikoni. Kukaa mezani, hapana." Nikamuuliza kama inamuuma kuona wali wake unauzwa ghali na watu wengine. "Wapike tu," akajibu. "Wali haumkatai mpishi. Ila waseme wameupata wapi."

Kinachomuuma yeye ni kitu kingine: kodi ya pango. Miaka ya 1980 watu Weusi walikuwa wengi kwenye ile rasi ya mji wa kale. Leo ni wachache, nyumba zimepanda bei, na watu wake wamesogezwa nje mmoja mmoja. Wateja wake wanahama. Mjukuu wake anayekaa kwenye mashine ya pesa anasomea uhasibu, na ameshasema jikoni hataki.

Hofu hiyo si ya bure. Mjini humo kulikuwa na Martha Lou's Kitchen, kibanda cha rangi ya waridi kilichokuwa zamani kituo cha petroli. Bibi Martha Lou Gadsden alikifungua mwaka 1983, na kuku wake wa kukaanga akaandikwa na magazeti makubwa ya Marekani. Mwaka 2020, wakati wa korona, kilifungwa na kiwanja kikawa kinauzwa. Mwaka uliofuata bibi mwenyewe akafariki.

MEZA YA NAT FULLER

Tusimalize kwa kulia. Mji huu una hadithi moja ambayo ningeomba kila mwenye hoteli aijue. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kulikuwa na mpishi mtumwa aliyeitwa Nat Fuller, fundi kiasi kwamba matajiri wa Charleston walimtegemea kwa karamu zao. Mwaka 1860, akiwa bado mtumwa kisheria, akafungua hoteli yake mwenyewe, Bachelor's Retreat. Vita vilipokwisha mwaka 1865 na watumwa wakawa huru, Fuller akaandaa karamu. Akawakalisha Weusi na Weupe kwenye meza moja, sawa kwa sawa. Mama mmoja wa Kizungu wa mji huo aliandika barua akilalamikia jambo hilo, na barua hiyo ni miongoni mwa ushahidi kwamba karamu ilifanyika. Fuller alifariki mwaka uliofuata. Aprili 2015, miaka 150 baadaye, wapishi na wasomi wa Charleston wakairudia ile karamu.

Na mambo yanabadilika kidogo kidogo. Hoteli ya Husk ilipofunguliwa mwaka 2010 chini ya mpishi Sean Brock, ilijiwekea sharti kwamba kisicholimwa kusini hakiingii mlangoni, na watu wakaanza kuulizia mbegu za zamani na waliozitunza. Mwaka 2017 tuzo za James Beard, ambazo kwa wapishi wa Marekani ni kama Oscar, zilimheshimu Bertha's Kitchen, jiko la familia ya Weusi nje kidogo ya mji. Mwaka 2018 Rodney Scott, mchoma nguruwe mzima kwa makaa ya kuni, akatajwa mpishi bora wa kusini mashariki. Naye BJ Dennis, mpishi wa Kigullah, mwaka 2016 alikuta huko Trinidad mpunga wa milimani ambao watu waliamini umepotea. Hao wanafanya lile alilotaka yule mama: wanasema wameupata wapi.

UKIENDA, USIUMBUKE

Kwa wewe ambaye dili likitiki utafika Charleston, shika haya. Weka nafasi mapema kwa hoteli kubwa. Ukisoma bei ya menyu, ongeza theluthi nzima kichwani kwa ajili ya kodi na bakshishi, ndipo uamue kama unaagiza supu. Uliza habari za kitimoto na mvinyo. Miezi ya baridi tafuta chaza wa kuchoma: wanamwagwa juu ya bati la moto, wanafunikwa gunia lililoloweshwa, kisha unapewa kisu unajifungulia mwenyewe umesimama. Ukiwa huko mwaka mpya, kula Hoppin' John, yaani kunde kwa wali, pamoja na majani. Wanaamini kunde ni sarafu na majani ni noti, kwa hiyo atakayekula atapata mshiko mwaka mzima. Mapishi yake yamo kitabuni tangu mwaka 1847. Na angalau mlo mmoja kala kwa mama, nje ya mji, uache pesa yako huko.

Mimi niliporudi Dar, Jumamosi ya kwanza nilimtoa mchumba wangu. Nikampeleka kwa mama ntilie mmoja wa Kariakoo, nikaagiza wali, kunde na bamia, sahani mbili. Alinitazama kwa muda, akaangalia viatu vyake vya kisigino, akaangalia lile benchi. Nikamsimulia habari za gati la Gadsden, za ungo na za ukoko. Mwisho wa hadithi sahani yake ilikuwa nyeupe.

Bili yetu ilikuwa shilingi 6,000. Nikaacha noti ya 10,000, nikamshika mchumba mkono, tukaondoka. Hatujafika hata kona, nikasikia sandozi zinakimbia nyuma yetu. Ni mama ntilie, anahema, mkononi kashika elfu mbili mbili.

"Kaka! Umesahau chenji yako!"

Nikamwambia sijasahau, ni yake. Hakuelewa. Akauliza, "Ya nini sasa?"

Nikamjibu, ya kunde.

Haya, mpenzi msomaji, wewe wa kwako umempeleka wapi Jumamosi hii? Tukutane wiki ijayo.